Mashine ya Evinrude imeniharibia soko la boti, nifanyeje?

Swali limetoka kwa kijana wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba futi 21, niliinunua kwa mzungu aliyekuwa anapeleka watalii kupiga mbizi akafunga biashara. Mashine ni Evinrude E-TEC HP 90 ya 2012, inawaka vizuri na haijawahi kuniacha baharini. Nataka kuiuza, ada za watoto zimenibana. Sasa kila anayekuja akisoma jina kwenye kava anaguna anaondoka, mmoja kaniambia hata ya bure haichukui. Mi naomba milioni 25. Dalali anasema nishuke mpaka 12 au nibandue stika nibandike za Yamaha, na kuna fundi hapa ameshazitengeneza kabisa. Wewe unasemaje?"

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hizo stika maana ndo jambo la haraka, usije ukaamka kesho umeshabandika.

Usibandike. Miaka ya nyuma nilikuwepo mahali pamoja pwani jamaa anauza boti, mashine imepigwa rangi ya kijivu na imebandikwa jina la watu. Akaja mzee mmoja nahodha, hakuuliza chochote, akakaa kwenye ukingo wa boti anakunywa kahawa yake taratibu, alafu akatia mate kidole gumba akasugua kava pembeni ya stika. Jua la baharini linachubua rangi kila mahali isipokuwa pale palipokuwa pamefunikwa na herufi, kwahiyo chini ya ile rangi mpya lile jina la zamani lilikuwa linasomeka kama kivuli. Mzee akasimama, akamwambia mwenye boti "mashine yako ina majina mawili, na mi sinunui kitu chenye majina mawili", akaondoka. Na alikuwa amekuja na hela. Kwa siku mbili pwani nzima ikawa inajua ile habari, hata bodi ya ile boti ambayo ilikuwa nzuri kweli ikakosa mtu.

Alafu ukweli ni kwamba hiyo stika haimdanganyi mtu anayejua. Kava ya Evinrude ina umbo lake, na kwenye bano linaloshika mashine kuna kibati kina modeli na namba. Atakayedanganyika ni yule asiyejua kitu, na huyo ndo atakayekurudia na mjumbe na polisi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mtu aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, yani unarudisha hela ambayo ushalipia ada. Na sisi watu wa pwani tumefundishwa toka madrasa kwamba aibu ya bidhaa inabainishwa kabla ya kuuza, sina haja ya kukuhubiria.

Sasa twende kwenye jina lenyewe, kwasababu huwezi kumjibu mnunuzi kama wewe mwenyewe hujui anaogopa nini.

Evinrude ni jina la zamani sana, Ole Evinrude alianza kuuza mashine za nje, hizi zinazofungwa nyuma ya boti, huko Milwaukee Marekani 1909. Ubaya wa jina ulikuja miaka ya tisini mwishoni. Kampuni iliyokuwa inalimiliki wakati huo, OMC, ilitoa mashine za tu-stroki za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zikaitwa Ficht. Zile za mwanzo zilisumbua watu sana, pistoni zilikufa mapema, wateja wakaja juu, na Desemba 2000 OMC ikafilisika. Bombardier wa Kanada wakanunua majina mwaka uliofuata, wakaitengeneza upya ile Ficht, na kuanzia 2003 wakatoa E-TEC ambayo ndo yako. Kwahiyo yule anayekwambia "hizo zinaunguza pistoni" mara nyingi anazungumzia Ficht, amesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Mwambie kwa upole, mzee ile ilikuwa Ficht, hii ni ya 2012. Usimbishie zaidi ya hapo, mnunuzi akibishiwa anafunga mfuko.

Pigo la pili ni la Mei 2020, wenye kiwanda walitangaza wanaacha kabisa kutengeneza mashine za nje za Evinrude. Walisema vipuri vitaendelea kutolewa, na kweli vipo, lakini mtu wa huku akisikia "kiwanda kimefungwa" kwake habari imeisha. Kwa hilo hana makosa sana.

Ila hofu kubwa kuliko zote ni ya tatu na hiyo haina uhusiano na ubora. Angalia kwanini watu wanaipenda Yamaha Enduro 40, ile ya kabureta. Ikizima kati ya Tanga na Pemba, kijana mwenye spana mbili na plagi ya akiba anaiwasha. Kipuri kipo dukani, kisipokuwepo jirani anakuazima. E-TEC ikizima inataka laptop na programu yake na waya maalum, na fundi mwenye hivyo vitu huenda yuko Dar au Zanzibar. Kwahiyo mnunuzi wako haogopi mashine kufa, mashine zote zinakufa, anaogopa ikifa abaki nayo peke yake. Ukilielewa hili utaacha kupoteza muda kuisifia inavyowaka na utaanza kumwonyesha nani ataihudumia.

Na hapa nikwambie wazi, mi mwenyewe naipenda E-TEC, inakula petroli kidogo ukilinganisha na tu-stroki ya kabureta, haina moshi ule wa kutoa machozi, lakini mvuvi wa jarife anayenunua petroli kwenye madumu siwezi kumshauri ainunue. Ile sindano inayopuliza petroli ndani ya silinda haitaki maji wala uchafu hata kidogo. Kwahiyo acha kuwapigia simu wavuvi. Soko lako ni hoteli za Pangani na Pemba, watu wa kupeleka watalii, wazamiaji, watu wa Zanzibar na Mafia wenye fundi wao wa mshahara, au mtu anayeitaka bodi tu na mashine yake anayo. Hao ni wachache, mauzo yatachukua miezi siyo wiki, jipange hivyo na ada utafute njia nyingine muhula huu.

Kabla hujatangaza tafuta fundi mwenye laptop ya Evinrude aje akutolee ripoti. Hiki ndo kitu kimoja ambacho mashine yako inacho na Enduro ya jirani haina. Kompyuta ya ile mashine inaandika kila kitu toka siku ya kwanza, imefanya kazi saa ngapi, saa ngapi imekaa kwenye mzunguko mdogo na saa ngapi kwenye mkubwa, imewahi kuchemka au kukosa oili na ilikuwa ikiwa na saa ngapi. Mwenye Enduro anakwambia "imetembea kidogo tu" na inabidi umwamini, wewe unatoa karatasi. Tuseme ripoti inaonyesha saa 740 na nyingi ziko chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika, maana yake ilikuwa inakwenda mwendo wa watalii haikupigwa kikatili. Na kama kuna kosa limeandikwa, mfano ilichemka mara moja ikiwa na saa 210 impela ya pampu ya maji ikabadilishwa, usimwambie fundi alifute. Liache, uwe na maelezo yake. Karatasi nyeupe kabisa ya mashine ya 2012 inatia shaka kuliko yenye kosa moja lenye historia.

Fundi akiwa hapohapo muulize kompyuta imewekwa kwenye oili gani. Watu wengi hawajui hili. Hizi mashine zinaweza kupangwa zitumie oili yao ghali ya XD100, na zikipangwa hivyo zinajipimia oili kidogo sana, sasa mtu akija akamimina oili ya kawaida bila kubadilisha mpangilio, mashine inakuwa inakunywa oili duni kwa kipimo cha oili bora. Inakufa polepole, alafu lawama linakwenda kwa jina. Huku kwetu XD100 kuipata ni kazi, kwahiyo mwambie airudishe kwenye mpangilio wa oili ya kawaida ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3, siyo ya bodaboda tafadhali. Na kama ulikuwa unachanganya oili kwenye petroli kwa mazoea ya Enduro, acha leo. Hii ina tangi lake la oili na pampu yake, ukichanganya unaijaza masizi bure.

Plagi pia. Ziko tatu, silinda tatu, na hazifungwi kwa kukaza tu. Ule mdomo wa plagi unatakiwa utazame upande wa sindano ya petroli, unachora alama kwa kalamu juu ya kaure ya plagi ili ukishakaza uone mdomo umeelekea wapi, ikikataa unajaribu plagi nyingine. Nimekuta mashine kadhaa zinazoitwa mbovu, zinakohoa, zinatetemeka kwenye mzunguko mdogo, tatizo plagi zimeangalia zinakotaka zenyewe. Mwambie fundi akufungie mpya kwa utaratibu huo, apime na kompresheni silinda zote akuandikie namba, unachotaka ni zikaribiane, moja isiwe chini peke yake. Abadilishe impela na oili ya giaboksi. Ile ya zamani ikitoka nyeupe kama maziwa kuna maji yanaingia, sili zitengenezwe kwanza kabla ya kuleta mtu.

Siku ya kujaribu usiipashe moto kabla mnunuzi hajafika. Najua ukiwa na wasiwasi unataka uiwashe mara mbili tatu ujihakikishie. Mnunuzi mjanja kitu cha kwanza anaweka kiganja kwenye kichwa cha mashine, akikuta ina joto anajua inasumbua kuwaka baridi. Mwache aiguse, mwambie awashe mwenyewe. E-TEC nzima inashika mara moja, na hapo utaona uso wake unabadilika maana hakutegemea. Mwonyeshe inavyokojoa maji ya kupozea, mkondo mzima siyo matone. Mkitoka nje mpeni nafasi afungue mpaka mwisho asome mzunguko, mashine hii iko kati ya 4,500 na 5,500, ikishindwa kufika 4,500 huenda panka ni kubwa au limepinda, au tumbo la boti limeota chaza na mwani. Kwahiyo ipandishe ufukweni uisugue mapema. Chagua asubuhi bahari ikiwa shwari, kipindi cha matlai kinakufaa kuliko kusi inapovuma. Na petroli weka wewe. Najua kawaida ya huku mnunuzi ndo anachangia petroli ya kujaribia, ila wewe unauza kitu chenye jina baya, lita kumi na tano zisikutie uchungu.

Mfundishe na kile king'ora. E-TEC ikiona oili imeisha au inachemka inalia na kujipunguza mwendo yenyewe, haikubali kuongezwa. Mtu asiyejua anasema imekufa, kumbe imejilinda. Nina hakika nusu ya hadithi za "iliniacha katikati ya maji" ni hii.

Bodi sasa, maana unaisahau na ndo mali yako hasa. Mtu anayetaka kubadilisha mashine ataangalia ule ukuta wa nyuma mashine inapofungwa. Boti nyingi za faiba zina ubao ndani yake, na maji yakiingia kwenye matundu ya bolti ubao unaoza huku nje panaonekana safi. Gonga na mpini wa nyundo toka kona mpaka kona usikilize, pazima panalia kwa ukali, palipooza panalia mbuu. Alafu inua mashine juu ilale, ning'inia uzito wako kwenye mguu wake, mtu mwingine aangalie ukuta kama unacheza au umepasuka nywele nywele pembeni ya bolti. Mashine yako ina kilo kama 145, kwa miaka yote hiyo inapiga mawimbi, si mchezo. Kama uko salama andika hivyo kwenye tangazo. Na ukuta ukiwa wa inchi 20, mashine za mguu mrefu za kampuni nyingine zinakaa, hata matundu ya bolti kwa kawaida yanalingana, ila waya za gia, nyaya za umeme na saa za dashibodi atabadilisha. Mwambie mapema hiyo gharama ili aipigie hesabu.

Bei. Milioni 25 umeipata wapi, nadhani umeangalia boti ya mwenzio yenye Yamaha. Fanya hivi, na hizi namba ni za mfano tu, utaweka za kwenu. Tuseme bodi, na tela lake kama unalo, bila mashine vinauzika 11. Mashine kama ingekuwa na jina linalopendwa, kwa umri na saa zake ingekuwa 10. Toa 1.5 ambayo mnunuzi atatumia kuagiza vipuri vya akiba, plagi, filta, impela na sindano moja. Toa 3 ya hofu. Ndiyo, hofu ina bei, na ni afadhali uikate wewe kwa mkono wako kuliko umwachie dalali, maana yeye ameikata 13 nzima. Umebaki na 16.5. Tangaza 18, shuka mpaka 16, chini ya 15 bora usubiri.

Wengine watakushauri uweke mashine mpya ndo uuze. Mi sikushauri. Hela ya mashine mpya hairudi yote, siku ikigusa maji tu ishakuwa yuzdi, na wewe huna hela ya ada sembuse ya mashine.

Kuuza bodi peke yake na mashine peke yake hilo linawezekana na usilidharau. Kwasababu hazitengenezwi tena, wenye E-TEC za aina yako wanatafuta za kuchinja. Ile kompyuta yake, sindano, kava, giaboksi, kila kimoja kina mtu wake, na kompyuta ndo ghali kuliko vyote. Zungumza na mafundi wa hoteli za Zanzibar uone, wakati mwingine mashine iliyokataliwa ikiwa nzima inatakiwa ikiwa vipande. Ila usianze kuifungua kabla hujapata mtu wa bodi, utabaki na boti isiyokwenda na mifuko ya vyuma.

Tangazo andika fupi na jina litangulie usilifiche chini: "Boti ya faiba futi 21 na tela, mashine Evinrude E-TEC 90 ya 2012, ripoti ya kompyuta ipo, ukuta wa nyuma mzima, karibu ujaribu baharini. Najua wengi hawaitaki hii mashine, bei imezingatia. Bodi tupu pia tunaongea." Weka namba ya fundi mwenye laptop kama amekubali, hiyo peke yake inaondoa nusu ya simu za kupoteza muda. Watakaokupigia baada ya hapo ni wale walioshalimeza jina.

Dalali mkabidhi tangazo hilohilo na mwambie asiongeze neno. Wanapenda kusema "hii ni sawa na Yamaha tu" ili wapate cha juu, na dalali akidanganya anayefuatwa ni wewe mwenye mali, yeye simu yake haipatikani.

Kwenye karatasi za mauzo andikeni mashine kwa jina lake, nguvu, namba ya kwenye kibati, saa zilizosomwa na tarehe mliyoijaribu majini, mnunuzi asaini kwamba amejaribu na ameona ripoti, mashahidi wawili. Ambatanisha ile ripoti. Cheti cha usajili cha TASAC, lile Shirika la Uwakala wa Meli, kihamishwe jina, akiwa ni mtu wa Zanzibar aende na karatasi zake kwa mamlaka ya usafiri baharini ya kule, na kama yule mzungu alikuachia karatasi za ushuru wa mashine zitafute leo, usisubiri mnunuzi akiwa mlangoni. Kama hukuwahi kuhamisha jina toka kwake, hilo ndo tatizo lako la kwanza kabla hata ya Evinrude.

Ripoti ikitoka nitumie picha yake kabla hujatangaza, hasa ule ukurasa wa saa na mizunguko, nikuangalizie kama hiyo 10 niliyoiwekea mashine inasimama au tuishushe.